Ndoo ya bia haijatoa povu hata moja tangu juzi, imekufa au inaendelea?

Mzee wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Naombeni msaada wa wajuzi wa kupika bia, nasema bia kabisa sio gongo. Shemeji alikuja toka Uingereza akaniletea kopo la kimea cha shayiri la kilo 1.7, kile kizito kama asali na hopsi (maua ya kutia uchungu) zimo humo humo, pamoja na ndoo yenye mfuniko wa kubana na kale kadude ka plastiki ka kupumulia unakokatia maji kidogo juu ya mfuniko. Nimefuata karatasi ya maelekezo neno kwa neno, kopo nikamimina kwenye maji ya moto, sukari kilo moja, nikajazia maji yaliyochemshwa yakapoa hadi lita 23, hamira iliyokuwa chini ya kifuniko nikanyunyiza juu nikafunga. Hiyo juzi usiku. Karatasi inasema ndani ya masaa 24 kadude kataanza kupuliza, wakuu hakajapuliza hata mara moja, maji yametulia tuli. Wife ananicheka anasema nimechemsha uji wa laki moja. Nimwage au nisubiri?

Bongolala
Siti ya mbele kabisa, ngoja waje wajuzi.

Kaka Povu
Mkuu hiyo imekufa. Pombe bila povu sio pombe, hamira ilikuwa imeexpaya hiyo, wazungu wanatupa vitu vilivyokaa dukani. Nunua hamira ya maandazi pakti moja tia humo, koroga, kesho utaniambia.

Fundi Sufuria
Usitie hamira ya maandazi na usimwage kitu. Mzee wa Tabata jibu haya kwanza:

Joto la ndoo ngapi? Sio la chumba, la ndoo yenyewe.
Ukimulika tochi kwa nje unaona mstari wa uchafu wa kahawia umeganda kwenye ukuta wa ndoo juu ya usawa wa bia?
Kwenye boksi kulikuwa na kijiti cha kioo kina namba 1.000 kushuka chini, kizito upande mmoja? Ulikitumia siku ya kwanza?

Mzee wa Tabata
Asante fundi. Kuna kistika cha joto kimebandikwa kwenye ndoo kinasoma 31. Mstari upo! Upana wa vidole viwili hivi, nilidhani ni uchafu wa kumwagikia wakati namimina. Kijiti kipo, siku ile nilikitumbukiza kikasoma 1.040 nikaandika kwenye karatasi ila sikujua inamaanisha nini.

Fundi Sufuria
Basi umeshajijibu nusu. Huo mstari ni povu la hamira, lilipanda likashuka wewe ukiwa kazini au umelala. Hamira iliyokufa haiachi mstari.

Sasa hicho kijiti ndio haidromita na ndio hakimu wa kesi hii, mengine yote ni mashahidi tu. Togwa ya kimea yenye sukari ni nzito kuliko maji, maji ni 1.000, yako imeanza 1.040. Hamira inakula sukari inatoa kilevi na gesi, sukari ikipungua uzito unashuka na kijiti kinazama zaidi. Kwa hiyo chota bia kwa bomba la chini kama ndoo ina koki, usifungue mfuniko, jaza kwenye mrija mrefu, tumbukiza kijiti kizungushe kwa vidole kama unazungusha pia ya watoto ili vipovu vilivyong'ang'ania vidondoke maana vinakibeba juu na kukudanganya, halafu soma pale usawa wa bia unapokata, macho yawe sawa na bia. Usirudishe sampuli kwenye ndoo. Onja uniambie ladha.

Mzee wa Tabata
1.016!!!! Ladha utamu umepungua sana, uchungu kidogo, na wakuu inanukia NDIZI. Sijaweka ndizi mimi.

Fundi Sufuria
Hahaha. Hongera, bia yako iko hai na imekimbia kuliko unavyotaka. Toka 1.040 hadi 1.016 kwa muda huo ni kasi ya joto. Tafuta sasa gesi inatokea wapi: paka maji ya sabuni kuzunguka ukingo wa mfuniko, vile tunavyokagua mtungi wa gesi ya kupikia. Penye kuvuja patatoa mapovu.

Mzee wa Tabata
Daah upande mmoja wa mfuniko karibu na mshikio sabuni inachemka kabisa. Mfuniko haukuwa umekaa vizuri. Nimegonga kwa kiganja ukalia "ta" na hapohapo kadude kakapuliza blup. Wife amenyamaza.

Kaka Povu
Kwahiyo nilikuwa sahihi, povu lilikuwa halipo sababu ya mfuniko, sasa povu lipo na bia ipo. Povu ndio kipimo.

Fundi Sufuria
Hapana kaka Povu, na hapa watu wengi wanapotea kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo. Povu kwenye kile kidude linakwambia kitu kimoja tu, kwamba gesi inapita PALE. Ikipita pembeni hutaona kitu na bia inachachuka kama kawaida, ndio kilichomtokea mwenzetu. Na upande wa pili, bia iliyokwisha kabisa inaweza kupuliza siku nzima sababu jua limepiga dirishani ndoo ikapata joto na gesi iliyoyeyuka ndani ikaanza kutoka, wewe unasema bado inafanya kazi kumbe hamira imeshalala chini zamani. Nimeona mtu anahesabu blup kwa dakika anaandika kwenye daftari, bora angehesabu magari ya Mandela Road.

Dalili za kuaminika kwa mpangilio wangu: namba ya haidromita inashuka, halafu mstari wa povu, halafu bia kuwa na ukungu mzito na vitu vinazunguka ndani ukimulika tochi, halafu harufu. Kadude ka kupumulia naweka mwisho kabisa, kazi yake ni kuzuia inzi na hewa isiingie, basi.

Na kimya cha mwanzoni kisikutishe mtu. Hamira ikiingia inaanza kuzaliana kwanza kwa kutumia oksijeni iliyomo kwenye togwa, masaa 12 hadi 24 ni kawaida na kwenye baridi kama Mbeya au Njombe yanaweza kufika 48 au hata 72. Zikipita 72, hakuna mstari na namba haijatikisika ndio uanze kuongelea msiba.

Binti Rombo
Nimecheka hapo kwenye ndizi 😂 sisi tunatafuta ndizi shambani nyie zinawajia zenyewe kwenye ndoo.

Kaka zangu nyumbani kwetu mama anapika mbege na hajawahi kuona hicho kijiti. Ndizi zilizoiva zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, hiyo tunaita nyalu. Gome la msesewe linatiwa kwa ajili ya uchungu. Pembeni kunapikwa uji wa kimea cha ulezi, huo ndio mso, vikichanganywa jioni kesho yake watu wanakunywa. Mama anajua imekubali kwa vitu vitatu. Anainama anaweka sikio kwenye pipa, ikifanya kazi unasikia inaunguruma kwa chini, ndogo ndogo. Pili anaangalia punje za ulezi, gesi inazipandisha juu zinatengeneza kofia inayopasuka pasuka, zikianza kuzama pombe inachoka. Tatu anaonja ncha ya kata, akikuta utamu bado umekaa mbele anaifunika anaondoka, akikuta utamu umerudi nyuma na ukali umekuja mbele anasema iitieni watu.

Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba mbege inanywewa ikiwa hai bado inachemka, hakuna anayesubiri iishe. Asubuhi tamu, jioni kali, kesho kutwa siki. Ya kwenu mnataka iishe ndio muifunge kwenye chupa, ndio maana sikio halitoshi.

Fundi Sufuria
Dada Binti Rombo umemaliza. Hapo kwenye kuisha ndio penyewe, pombe ya kunywa leo haihitaji namba, ya kufunga kwenye chupa inahitaji.

Mzito wa Kakamega
Wasee wa TZ salamu. Huku kwetu busaa ni hivyohivyo, unga wa mahindi unachachushwa, unakaangwa kwa bati mpaka unanukia, unatiwa maji na kimea cha wimbi (nyie mnaita ulezi) na after siku chache wazee wako na mirija. Hakuna mtu huuliza imeisha ama bado, mzee akionja akinyamaza ujue bado, akiitisha kiti ujue iko sawa. Lakini hiyo maneno ya ndizi bila ndizi nieleze, ni nini hiyo?

Mbeba Boksi Bergen
Hiyo ya ndizi naijibu mimi. Kuna kitu hamira inatengeneza kinaitwa isoamili asetati, ni esta, yaani kemikali yenye harufu ya matunda, na ndio hiyohiyo iliyomo kwenye ndizi mbivu kwa hiyo pua yako haikudanganyi. Hamira nyingi za bia ya aina ya eli zinataka nyuzi 18 hadi 22. Uchachukaji wenyewe unatoa joto, ndoo inaweza kuzidi chumba kwa nyuzi kadhaa, kwa hiyo ukisema chumba changu kiko sawa usitosheke. Ikifika 30 hamira inakimbia, esta zinazidi na zinazaliwa pia alkoholi nzito zile zinazochoma koo. Wajerumani wana bia yao ya ngano wanaipenda hivyohivyo na ndizi yake, ila hamira yao imechaguliwa kwa hilo.

Mzee wa Tabata kwa Dar bila AC una njia mbili. Ya kwanza weka ndoo ndani ya beseni kubwa la maji, tumbukiza chupa za maji zilizoganda kwenye friza asubuhi na jioni, badilisha. Kuna wanaovisha ndoo kanga mbichi na kuwasha feni, inasaidia Dodoma na Arusha ambako hewa ni kavu, Dar unyevu ni mwingi kanga haikauki haraka kwa hiyo haipozi sana. Ya pili, huku nilipo Norway magharibi, maeneo ya Voss, wakulima walitunza hamira yao ya asili vizazi na vizazi inaitwa kveik, wanaikausha wanaitunza, na wanaitia kwenye togwa ikiwa nyuzi 35 mpaka 40, inamaliza haraka na bia inatoka safi, harufu ya machungwa machungwa. Watu wa baridi kama hawa wana hamira inayopenda joto la Tabata, maajabu ya Mungu. Inauzwa imekaushwa kwenye pakti.

Mtumishi
Ndugu zangu mnaandika vizuri ila pombe inavunja nyumba. Nawaombea.

Bongolala
Amina mtumishi. Fundi endelea.

Mama Wawili
Samahani naingilia, hizi pombe za kutengeneza nyumbani si ndio zinapofusha watu? Tunasoma habari kila siku watu wamekufa.

Fundi Sufuria
Swali zuri dada. Wanaopofuka na kufa wanakunywa methanoli, na mara nyingi ni mtu amechukua spiriti ya kiwandani akachanganya kwenye pombe kali ili iongezeke nguvu na faida. Bia iliyochachuka tu, haijakenekwa kama gongo, methanoli yake ni chembe ndogo sana. Ubaya wa bia iliyoharibika ni ladha ya siki na kuharisha moyo wa aliyegharamia. Hatari ya kweli kwa bia ya nyumbani ni chupa kupasuka, naifikia.

Mzee wa Tabata
Wakuu mrejesho. Nimeweka kwenye beseni na chupa za barafu, ndoo sasa 24. Leo namba 1.010. Ila naona juu kuna vitu vyeupe vinaelea nimeogopa, picha imekataa kupanda. Ni visiwa visiwa vidogo, rangi kama maziwa ya mgando.

Kaka Povu
Kuvu hiyo. Nilisema.

Fundi Sufuria
Kaka Povu punguza presha. Mzee, angalia kwa tochi: ni vipande vilivyokatikakatika vinaelea vinyevu, au ni ngozi moja kavu imetanda yenye mikunjo kama juu ya maziwa yaliyopoa? Ina manyoya? Rangi ya kijani au nyeusi?

Mzee wa Tabata
Vipande vinyevu. Hakuna manyoya. Harufu ni ya bia na ndizi kwa mbali.

Fundi Sufuria
Hamira hiyo, mabaki ya povu lililoshuka, yatazama. Ngozi yenye mikunjo na mapovu yaliyonaswa chini yake ndio dalili kwamba kuna mgeni ameingia, hamira pori au bakteria, na manyoya ya rangi ni kuvu, hiyo unamwaga bila mjadala. Wageni si aibu yako peke yako, mpaka miaka ya 1880 hata viwanda vikubwa Ulaya vilikuwa vinapoteza mapipa bila kujua kwanini, mpaka Emil Christian Hansen kwenye maabara ya Carlsberg pale Copenhagen alipotenga hamira ya aina moja safi mwaka 1883.

Harufu nyingine za kukariri: tufaha bichi maana yake bado mbichi, iache. Siagi au bisi za sinema, nayo iache kwenye joto la kawaida siku mbili tatu hamira inarudi kuisafisha yenyewe. Yai viza kidogo wakati inachachuka inapita, usihangaike. Siki kali inayopanda puani, hiyo hairudi.

Mzito wa Kakamega
Sasa 1.010 si imeisha? Afunge chupa tunywe bana.

Fundi Sufuria
Namba moja haisemi kitu. Inatakiwa namba ileile mara mbili, zikipishana siku mbili au tatu. Leo 1.010, keshokutwa 1.010, hapo imeisha. Leo 1.010 keshokutwa 1.008, bado iko kazini hata kama kadude kamekufa ganzi.

Na namba hiyohiyo ikigoma juu, tuseme 1.020 wiki nzima kwa togwa iliyoanza 1.040, hiyo imekwama. Hapo ndio unapandisha joto kidogo, unaitikisa ndoo taratibu hamira iliyolala iamke bila kuingiza hewa, na ikishindikana unatia hamira mpya ya bia. Kaka Povu hamira ya maandazi ni ukoo uleule wa hamira ya bia, itachachusha, simkatalii, ila haitulii chini vizuri na bia inabaki na ukungu na ladha ya mkate. Ni ya dharura.

Kuhusu joto la kusomea, vijiti vingi vimetengenezwa visome sahihi kwa nyuzi 20. Kwenye nyuzi 30 kinasoma pungufu kama 0.002 au 0.003. Kwa hiyo poza sampuli kidogo kwanza, au soma zote kwa joto lilelile.

Mzee wa Tabata
Nimesoma tena leo baada ya kusubiri kama ulivyosema. 1.008. Nitasubiri tena.

Mbeba Boksi Bergen
Safi sana, umeona sasa. Ungefunga siku ile ungeweka mabomu chini ya uvungu. Piga hesabu, kila pointi mbili za haidromita (0.002) zinazobaki kwenye chupa zinaongeza karibu ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa kila lita ya bia, na bia ya kawaida ina kama ujazo 2 na nusu jumla. Ukafunga kwenye 1.016 inayotaka kushuka hadi 1.008, hiyo ni ujazo 4 zaidi juu ya iliyokuwemo, halafu umeongeza na sukari ya kutia gesi. Chupa ya kioo haivumilii, vipande vinaruka usiku.

Mzee wa Tabata
1.008 tena!! Mara mbili, siku tatu zimepita katikati. Kilevi nimepata ngapi?

Fundi Sufuria
Toa 1.008 kwenye 1.040 unapata 0.032, zidisha mara 131, kama asilimia 4.2. Bia kamili hiyo.

Sasa chupa. Sukari gramu 6 hadi 7 kwa lita, kwa ndoo yako ni gramu 130 hadi 150 maana machicha ya chini huyachukui. Chemsha na maji kidogo, ipoe, changanya taratibu bila kurusha povu. Pima kwa mizani, kijiko kinadanganya. Kwa mara ya kwanza tumia chupa za plastiki za soda zilizooshwa na kuuliwa vijidudu, kila siku unaminya moja. Siku ya kwanza inabonyea kama ya maji, ikikaza kama soda mpya ya dukani gesi imeingia, peleka kwenye friji.

Mama Wawili
Kwahiyo kuminya ndio kipimo cha chupa kama kijiti kilivyo cha ndoo.

Fundi Sufuria
Ndio dada, na chupa ya kioo huwezi kuiminya, ndio maana nasema aanze na plastiki.

Mzee wa Tabata
Wakuu chupa zimekaza. Nimefungua moja ikasema tsss, povu jeupe, ndizi ipo kwa mbali ila inanyweka, shemeji wa hapa mtaani kamaliza mbili anauliza zimebaki ngapi. Wife kaonja akasema uchungu, kisha akaongeza glasi. Ndoo ijayo naagiza hiyo ya Norway.

Binti Rombo
Karibu Rombo Desemba uje nayo, mama ataonja akwambie kama ni pombe au soda.

Kaka Povu
Sawa nimekubali yaishe. Hicho kijiti kwa hapa Mwanza napata wapi?

Fundi Sufuria
Jaribu maduka ya vifaa vya maabara. Kagua namba kabla hujalipa, unataka kinachoanzia 0.990 kikapanda angalau 1.100. Ukiulizia haidromita tu watakupa ya betri ya gari, ile inaanzia huko 1.100, au ya kupimia maziwa ambayo inaishia 1.040 hivi na haishuki mpaka 1.008. Nunua na mrija wake mrefu wa kioo, bila huo utakuwa unakitumbukiza kwenye jagi hakielei.